Habari za Vita kwa Mzee Thanasis

Saltley, Birmingham
Jumatano, mwezi wa Aprili

Kwa dada yangu wa tumbo moja, Bi Maisara,
Kikwajuni, Unguja

Dada, Assalaam alaykum, na shikamoo. Natumai barua hii itakukuta umekaa, si umesimama, maana goti lako nalijua na habari zangu nazijua. Presha vipi? Shemeji bado anagombana na redio? Na yule jirani ambaye ukuta wenu uliwaangukia kuku wake, mmeshapatana au mnasalimiana kwa pembe ya jicho? Sisi huku hatujambo. Baridi imeanza kulegea, ingawa ya mwaka huu ilikuwa ya kuhadithia. Kuna asubuhi nilipiga chafya mlangoni pangu, ikaganda pale pale hewani, na jioni nilipotoka kazini ikanigonga kwenye paji la uso. Muulize yeyote hapa Saltley.

Utasema simu ipo, kwa nini Mselem kashika kalamu. Kwenye simu hunipi nafasi, dada. Nikianza tu unaniambia niache uongo. Na nikikutumia sauti kwenye WhatsApp, kabla ya adhuhuri imeshafika kwa Shangazi Mwanakheri, na kabla ya laasiri inasikilizwa Muskati. Kwa hiyo nimeandika, kwa mwandiko wangu huu wa darasa la sita ambao mwalimu alisema ni kama kuku kapita kwenye wino. Barua anakuletea Shemsa mwanao mwenyewe. Nimeifunga kwa gundi ya viatu. Basi umeshamwona, na umeshajua kuwa hakuja likizo.

Shemsa amefukuzwa kazi. Na huku, kwa mtoto aliyekuja kama alivyokuja yeye, kazi ndiyo viza. Mwajiri akikuachia mkono, na nchi inakuachia. Skuli ya uuguzi aliyokubaliwa kuanza Septemba nayo basi tena. Utasikia watu wakisema kuwa mwanao amemuua mzee wa Kigiriki kwa maneno ya mdomo. Nataka usikie kwangu kwanza, kwa utaratibu, kabla hujamuuliza yeye lolote, maana yeye hatokujibu.

Nyumba ya wazee tunayofanya kazi iko Edgbaston, kule kwenye miti na majumba ya madaktari. Mimi pale, dada, si mtu mdogo. Meneja ni mama wa Kipunjabi anayeitwa Charanjit, lakini ukitaka jambo lifanyike unamtafuta Mselem. Wazee waliokataa kuoga kwa manesi watatu wanaoga kwangu huku wanaimba. Daktari mmoja alikuja kutoka hospitali kubwa, akakaa pembeni na kalamu yake, akaniangalia ninavyomlisha uji bibi mmoja mkorofi, akaondoka anatikisa kichwa. Shemsa nilimwingiza mimi. Hilo unalijua, na ulinishukuru mpaka nikaona haya.

Sasa, chumba cha mwisho upande wa bustani alikuwemo Mzee Thanasis. Mgiriki wa Kupro, mwenye mikono kama makasia. Duka lake la samaki na chipsi liko Perry Barr, na siku hizi linaendeshwa na mwanawe. Maradhi ya kusahau yalikuwa yamemla mpaka jina la mkewe, marehemu. Lakini kitu kimoja hakikuondoka. Wagiriki wana siku yao, mwezi ishirini na tano wa Machi, ya kukumbuka walivyoinuka dhidi ya Mturuki, zamani, miaka mia mbili sasa. Siku hiyo wanakula samaki wa chumvi wa kukaanga na kitunguu saumu, halafu kwenye ukumbi wa kanisa watoto wanaghani mashairi na wakubwa wanaigiza vita. Mzee Thanasis tangu ujana wake ndiye aliyekuwa akiigiza mkubwa wa majemadari wote, Kolokotronis. Kofia ya chuma yenye manyoya, sketi nyeupe ya mikunjo, upanga. Maradhi yalipomwingia, yule mtu wa kuuza chipsi akatoka, akabaki Jemadari.

Ukimwita Mzee Thanasis hageuki. Ukimletea chakula anakitupa, anasema kimetiwa sumu na Mturuki. Mkenya mmoja, nesi Roselyne, alipigwa bakuli la supu hapa begani. Shemsa peke yake ndiye aliyemvumilia, anakaa naye, anamshika mkono, lakini hata yeye chakula hakikuingia. Charanjit akaanza kusema mzee huyu labda ahamishwe.

Hapo nikaingia mimi. Nikafungua mlango, nikasimama wima kama askari wa gwaride la Mapinduzi, nikapiga saluti, nikamwambia kwa Kiingereza changu: Jemadari, habari kutoka vitani. Dada, yule mzee alikaa sawa kitandani, akanitazama kama aliyekuwa akinisubiri siku zote. Akaniuliza ngome imeanguka? Nikamwambia imeanguka, lakini Jemadari hawezi kuingia mjini na njaa, wanajeshi watasemaje. Akala. Alikula sahani nzima na akataka nyingine.

Tangu siku hiyo kila asubuhi napeleka habari za vita. Nilimwambia Sultani wa Unguja ametuletea mizinga inayopigwa kwa karafuu, na adui wameshikwa na chafya bonde zima, wakatekwa huku wanafuta pua. Nilimwambia farasi wetu ni wa Pemba, wamefundishwa kuogelea chini kwa chini, wanatoa pua tu. Alicheka mpaka meno yakatoka, tukayatafuta kwenye shuka. Aliongezeka uzito. Roselyne alinivuta pembeni akanipa onyo la kikazi, kwamba mwenye maradhi haya humbishii, unamfuata huko aliko, lakini ukishafika unampeleka penye heri tu. Akasema kwa Kikenya chake, "Wewe Mselem, hiyo uongo yako ni dawa. Lakini dawa ni ile tamu pekee." Nikamwambia mama, mimi nilizaliwa na sukari mdomoni.

Mwanawe, Panos, alikuwa akija Jumapili. Mtu mnene, mpole, ananuka mafuta ya kukaangia. Alipoona baba yake amenenepa alinishika mikono yote miwili. Akaniletea chokoleti, nikampa Shemsa nusu.

Sasa sikiliza palipoharibika. Siku moja, mwishoni mwa Februari, tumekaa ukumbini na wazee wengine. Mzee Thanasis alikuwa na akili yake siku hiyo, kadiri akili ya Jemadari inavyoweza kuwepo. Akaanza kuhadithia mji mmoja unaitwa Tripolitsa, walivyouzingira na kuuteka. Alisema waliokuwa ndani ni Waislamu na Mayahudi, wanaume, wanawake na watoto. Alisema baada ya kuingia, farasi wake kutoka kwenye ukuta mpaka kwenye jumba la mtawala hakukanyaga ardhi. Alikanyaga watu tu. Alilirudia hilo la farasi, anaonyesha na vidole viwili vinavyotembea juu ya meza, tik tik tik. Kisha akamtazama Shemsa na mtandio wake, akacheka, akasema huyu walimsahau.

Wazee wengine hawakusikia, nusu yao wamelala. Mimi nilisikia. Nilimwambia Shemsa aangalie kwenye simu yake kama kuna kitu kama hicho au ni maneno ya mgonjwa. Akasoma, akasema kipo, mjomba, na hilo la farasi inasemekana Jemadari mwenyewe alilisema uzeeni. Halafu akasoma zaidi, akasema Waturuki nao waliwachinja watu wa kisiwa kizima kiitwacho Chio, mwaka uliofuata, na vita vyote viko hivyo, na huyu mzee hajawahi kumpiga hata paka, alikuwa akiuza chipsi. Mwanao ana moyo mpana, kaurithi kwa baba yake.

Wangu ni mwembamba. Unajua katika nyumba yetu nani alitoka Januari ile ya Mapinduzi akasema anarudi sasa hivi, asirudi, na unakumbuka bibi alivyokuwa ananyamaza mwezi mzima kila mwaka. Mimi sikuwa nimezaliwa, lakini nimekulia ndani ya kimya hicho. Vile vidole viwili juu ya meza vilinifuata mpaka kitandani.

Basi. Mwanzoni mwa Machi Mzee Thanasis akaanza kulia. Kila asubuhi. Analia kama mtoto, anajipiga kifua, anaita "Panos, Panos mou", yaani Panos wangu. Shemsa akiingia zamu yake ya mchana anamkuta macho yamevimba. Anamtolea picha ya mwanawe, anamwambia Panos yupo, mzima, yuko Perry Barr anakaanga samaki, atakuja Jumapili. Mzee anatulia, anakula vijiko viwili, analala. Kesho asubuhi analia upya, kama aliyepata habari dakika ile. Uzito wote nilioutia ukashuka. Daktari akaja, akaandika vidonge. Roselyne akasema ni maradhi yanapanda. Charanjit akasema tusubiri.

Halafu ikaja ile Jumapili iliyo karibu na sikukuu yao. Panos, maskini ya Mungu, alikuwa amepokea nafasi ya baba yake kanisani. Mwaka huu ndiye aliyeigiza Jemadari. Akafikiri atamfurahisha mzee. Akaja moja kwa moja kutoka ukumbi wa kanisa na nguo zake, nguo zile zile za baba yake zilizotiwa kiraka kiunoni, kofia ya chuma yenye manyoya, sketi nyeupe, na mkononi sahani ya samaki wa chumvi imefunikwa kwa karatasi. Harufu ya kitunguu saumu ilijaa ukumbi wote. Wazee wakampigia makofi.

Mzee Thanasis alimwona. Akasimama peke yake, mtu ambaye kwa wiki mbili tunamsimamisha watu wawili. Akasema kwa Kiingereza, tukasikia sote, "Mmemuua mwanangu, na sasa mmevaa nguo zangu."

Panos akacheka kidogo, akavua kofia, akasema baba ni mimi. Mzee akamvamia kwa fimbo. Alimpiga usoni, sahani ikaruka, samaki wakatawanyika chini. Panos hakuinua hata mkono, dada, anarudia tu ni mimi, ni mimi Panos, na mzee anamjibu kuwa Panos amekufa, wamemuua wenzake. Mguu ukateleza kwenye mafuta ya samaki. Nyonga ikavunjika, sauti yake niliisikia. Alipelekwa hospitali, na kila Panos alipoingia wodini mzee aligeuzia uso ukutani. Alikufa kabla ya mwezi kwisha, akiamini kuwa mwanawe amemtangulia na kwamba aliyekaa kitandani kwake ni msaliti.

Panos alikuja ofisini kwa Charanjit na jicho bado limevimba. Hakupiga kelele. Aliuliza swali moja tu, nani alimwambia baba yangu kuwa nimekufa.

Tukaitwa. Roselyne alisema ukweli wake, kwamba alimwona Shemsa ukumbini na simu anasoma habari za yule Jemadari, za vita na waliokufa. Charanjit akamuuliza Shemsa kama ni kweli. Mimi nilikuwa nimesimama karibu yake, mabega yanagusana. Nikatangulia kusema mimi. Nilisema, "Mtoto huyu bado mgeni, alidhani ni hadithi tu." Nikalisema kwa upole, kama anayemtetea.

Shemsa aligeuka akanitazama. Kisha akatazama chini, akasema, "Ndiyo, mimi ndiye niliyesoma."

 Tulirudi Saltley kwenye basi moja, kiti kimoja. Nilikuwa nimejitayarisha kwa kila atakalosema, nina majibu kumi. Tulipofika Alum Rock Road akaniuliza kama nataka mkate wa kumimina au chapati.

Sasa dada, weka miwani vizuri, na kama shemeji yupo mwambie apunguze redio.

Shemsa alinisomea mimi. Hakumsomea mzee kamwe. Ukumbini siku ile, baada ya la farasi, nilimwambia aendelee, anisomee mwisho wa huyu Jemadari ulikuwaje, maana nilitaka kusikia alivyoumia. Akanisomea kwamba Wagiriki baadaye walipigana wenyewe kwa wenyewe, na mwanawe mkubwa Jemadari, aliyeitwa Panos, akauawa na Wagiriki wenzake. Na Jemadari akavunjika moyo, akafungwa gerezani na wale wale aliowapigania. Nikamuuliza huyu mzee wetu mwanawe si anaitwa Panos pia? Shemsa akasema ndiyo, mjomba, ndiko mzee alikolitoa jina. Akafunga simu akaenda kumpa mtu maji.

Asubuhi yake nilifungua mlango, nikasimama wima, nikapiga saluti. Akaniuliza habari za vita. Nikamwambia, "Jemadari, Panos ameuawa." Akauliza na nani. Nikamwambia, "Na wenzako."

Nilikaa kwenye kiti nikamtazama. Sitokuficha, dada, nilihisi utamu. Nilihisi nimemlipia bibi. Nikaondoka nikanywa chai.

Ningeishia hapo labda Mungu angenisitiri. Lakini jioni alikuwa ameshasahau, Shemsa kamtuliza, kesho yake ananikaribisha na tabasamu, ananiuliza habari za vita. Nikamwambia tena. Ilikuwa mpya kwake, kila siku mpya. Na siku ya pili nilimwongezea, unanijua, siwezi kuacha hadithi ilivyo. Nikamwambia Panos alimwita baba yake kabla ya kufa. Nikamwambia walimvua viatu. Nikamwambia farasi walipita juu yake, hawakukanyaga ardhi. Siku zote nilizomwambia uongo alinenepa, na hili lenye mzizi wa kweli ndilo lililomkausha.

Shemsa alinikamata. Alikuja zamu mapema akasimama mlangoni, akanisikia. Hakusema mbele ya mzee. Aliningoja kwenye ngazi, akaniambia, "Mjomba, basi. Yatosha." Nikaona haya, nikaacha kweli, wallahi siku ile niliacha. Lakini lilikuwa limeshashika. Kichwa kilichosahau mke, duka, na barabara aliyoishi, kilishika jambo hilo moja tu. Hakunihitaji tena. Alikuwa akiamka nalo mwenyewe.

Kwa hiyo Shemsa alijua yote siku ile ofisini. Neno moja lake lingetosha. Hakulisema kwa sababu mimi ni kaka wa mama yake, na wewe ndiye uliyemfundisha kuwa mjomba hasemwi mbele ya watu baki. Nami nilijua kuwa hatosema. Ndiyo maana nilitangulia.

Panos hajui. Aliniomba niwe miongoni mwa wabeba jeneza, akasema kuwa hakuna aliyempenda baba yake katika miaka ya mwisho kama mimi. Nililibeba, upande wa kulia, mbele. Kanisa lote liliniangalia. Padri alinitaja kwa jina. Shemsa alikatazwa kuja.

Na Charanjit, dada, si mtu mbaya. Alimwambia Shemsa kwamba mpaka mwisho wa mwezi huu jambo linaweza kufunguliwa upya, ikitokea mtu akaeleza vingine. Amerudia maneno hayo mbele yangu mara mbili, na mara ya pili alinitazama. Mtu mwenyewe ni mimi. Mimi nina pasi ya nchi hii. Wakinifukuza nitabaki hapa hapa Saltley, nitauza hata soksi. Kitakachoondoka ni jina tu. Lakini dada, mimi huku sina kingine. Nyumba sina, mke aliniacha, skuli sikusoma. Nina watu wanaosema Mselem ni mtu wa watu. Nimejaribu kwenda. Jumatatu nilifika mpaka mlango wa ofisi, nikagonga, Charanjit akasema ingia, nikaingia nikamwomba stepla.

Nakuandikia kwa sababu siwezi kuvumilia umgombeze mtoto kwa kosa langu. Mgombeze kwa mengine, ana uvivu wa kuamka. Lakini hili usimtajie. Na watu wa mtaani wakisema, waache waseme, yeye bado kijana, ataota jina jingine. Usijaribu kumpigia simu Charanjit. Yeye hajui Kiswahili, nawe Kiingereza hujui, na shemeji ataongeza chumvi.

Ninapoandika hapa Shemsa yuko chumba cha pili. Kesho basi lake la kwenda uwanja wa ndege linaondoka asubuhi, na mimi sitoweza kumsindikiza. Nimepewa zamu, nimepandishwa, sasa nasimamia upande wote wa bustani. Namsikia anapiga pasi. Nilidhani ni nguo zake za safari, nikachungulia. Ni sare yangu ya kazi.

Msalimie shemeji, na Shangazi Mwanakheri, na jirani wa kuku. Watoto waambie mjomba wao aliwahi kumbeba Jemadari wa Wagiriki begani, nao wasiposadiki waambie hili ni kweli. Niombee dua kwenye sala zako, dada, kama utaweza. Usinijibu haraka.

Ndimi mdogo wako,
Mselem